Maswali Yenu: Kompyuta za Kwanta, Huduma za Wingu na Kazi ya Msanidi Programu

Barua zilizoletwa kwa ajili ya safu hii zinazunguka jambo moja, nalo ni hatima ya msanidi programu wakati kompyuta za kwanta zinaanza kupatikana kupitia huduma za wingu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, na nimeyafupisha maswali bila kubadili maana yake.

Mimi hutengeneza programu za wavuti na za simu. Kila ninapofungua habari za teknolojia nakutana na madai kwamba kompyuta za kwanta zina kasi mara mamilioni kuliko hizi tulizonazo, na kwamba ujuzi wetu utapitwa na wakati. Je, nianze kujifunza upya?

Hapana, ndugu msomaji, na madai hayo ya kasi ndiyo chanzo cha hofu isiyo na msingi. Kompyuta ya kwanta ni mashine ya aina nyingine kabisa, inayotumia tabia za chembe ndogo mno za maumbile ili kutatua matatizo ya aina fulani, na matatizo hayo hadi leo ni machache. Mwanafizikia Richard Feynman alipolizungumzia wazo hili mwaka 1981, alilenga kuyaigiza maumbile yenyewe, kwa kuwa atomi na molekuli hufuata kanuni za kwanta na kompyuta za kawaida huelemewa haraka zinapojaribu kuzifuatilia. Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa mtafiti wa Bell Labs, alionyesha kwamba mashine ya namna hiyo ingeweza kupata vigawo tasa vya namba kubwa kwa muda ambao kompyuta ya kawaida haiukaribii. Miaka miwili baadaye mtafiti Lov Grover akatoa algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo, ya kutafuta penye uwezekano mwingi usiopangwa: uwezekano ukiwa milioni 1, hatua zinazohitajika hazizidi 1,000. Sehemu kubwa ya matumaini tunayoyasikia leo imejengwa juu ya mawazo hayo matatu.

Sasa itazame kazi yako ya kila siku. Unapokea ombi la mtumiaji, unasoma hifadhidata, unakagua ruhusa, kisha unapanga matokeo kwenye ukurasa. Katika hatua hizo sijui hata moja ambayo imeonyeshwa kufaidika na kompyuta ya kwanta. Wengi hudhani kwamba algoriti ya Grover itaharakisha hifadhidata, lakini ili itumike ingebidi kwanza rekodi zote ziingizwe katika hali ya kwanta, na kuziingiza peke yake kunakula muda uliokusudiwa kuokolewa, ilhali faharasa ya kawaida huipata rekodi moja kati ya milioni kwa hatua kama 20. Kichakataji cha kwanta kitabaki kuwa huduma maalumu inayoitwa na programu ya kawaida pale tatizo linapoihitaji, kwa mfano katika kemia au katika utafiti wa vifaa vipya, na programu hiyo ya kawaida itaendelea kuhitaji watu wa kuiandika na kuitunza.

Nina kompyuta mpakato tu. Nasikia mtu anaweza kutumia kompyuta ya kwanta kupitia wingu. Inafanyikaje, na programu yenyewe ina sura gani?

Tangu mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi na seva kwa yeyote mwenye akaunti, wasanidi wamezoea kutumia mashine wasiyoiona. Kompyuta za kwanta zimeifuata njia hiyo kwa lazima. Vichakataji vingi vinavyotumia saketi za umeme hupozwa hadi sehemu ndogo sana ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, yaani karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi, na mtambo wa kufanya hivyo si kitu cha kuwekwa ofisini. Mwezi Mei 2016 IBM ilifungua kwa umma, kupitia intaneti, kichakataji cha kyubiti 5; kyubiti kwa kompyuta ya kwanta ni kama biti kwa kompyuta ya kawaida. Baada ya hapo zilikuja zana za kuandikia programu kama Qiskit ya IBM, Q# ya Microsoft na Cirq ya Google, na huduma kama Amazon Braket na Azure Quantum zinazomwezesha mtu kutumia mashine za watengenezaji mbalimbali kwa akaunti moja. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwa lugha ya Python, kwa hiyo mlango wa kuingilia hauna ugeni mkubwa.

Chukua programu ndogo yenye maana. Unatenga kyubiti mbili, zote zikiwa 0. Ya kwanza unaipitisha kwenye geti, yaani hatua ya kubadili hali ya kyubiti, iitwayo Hadamard, nayo inakuwa katika hali inayochanganya 0 na 1 kwa uzito sawa. Kisha unaziunganisha zote mbili kwa geti ya CNOT, na mwisho unazipima. Ukiiendesha programu hii mara 1,000, karibu nusu ya majibu yatakuwa 00 na karibu nusu yatakuwa 11, kwa sababu kyubiti hizo zimefungamana na haziwezi kutofautiana. Hivyo ndivyo nadharia inavyosema, na ndivyo utakavyoona ukitumia programu ya kuigiza. Ukiipeleka kwenye mashine halisi, utakuta pia majibu machache ya 01 na 10, ambayo hayakupaswa kuwapo kabisa. Hayo ni makosa ya mashine, na ndiyo adui mkubwa wa taaluma hii yote. Ndiyo maana tangazo la Google la Desemba 2024 kuhusu kichakataji cha Willow, chenye kyubiti 105, lilipokewa kwa uzito: lilionyesha kwamba kuziunganisha kyubiti nyingi zaidi ili zilinde taarifa moja kulipunguza makosa badala ya kuyaongeza.

Msanidi aliyezoea kusimamisha programu katikati na kuangalia thamani ya kila kigeu atapata shida hapa. Kuipima kyubiti kunaiharibu hali yake, na tangu mwaka 1982 imethibitishwa kihesabu kwamba hali ya kwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa, kwa hiyo hakuna namna ya kuweka nakala pembeni ili uichunguze baadaye. Majaribio ya programu yanakuwa ya kitakwimu: unaendesha mara nyingi, kisha unauliza kama mgawanyo wa majibu unalingana na uliotarajiwa. Kuigiza kwenye kompyuta yako kunasaidia, lakini kuna kikomo chake. Hali kamili ya kyubiti 30 inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 16, na kila kyubiti unayoongeza inazidisha hitaji hilo mara mbili, hivi kwamba kyubiti 40 zinahitaji terabaiti 16.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba ugumu mwingi wa kazi hii ni ugumu wa huduma za wingu. Kazi yako huingia kwenye foleni, hujui itatoka saa ngapi, na mashine inaweza kuondolewa kwa matengenezo ukiwa unasubiri. Algoriti nyingi za sasa ni za mseto: kompyuta ya kawaida hupendekeza namba za kujaribia, ya kwanta huendesha saketi, yaani mfululizo wa geti, majibu hurudi, namba hizo hurekebishwa, na mzunguko huanza tena. Kila mzunguko ukivuka mtandao na kurudi kwenye foleni, jaribio la dakika chache linageuka kuwa la siku nzima, na ndiyo sababu watoa huduma sasa huruhusu sehemu ya kawaida ya programu iendeshwe karibu na mashine ya kwanta yenyewe. Tena gharama huhesabiwa kwa idadi ya mara saketi inapoendeshwa au kwa muda wa mashine, kwa hiyo kitanzi kilichoandikwa bila kikomo kinaweza kumaliza bajeti kabla hujanywa maji. Anayejua kupanga foleni, kurudia kazi iliyokwama bila kuitoza mara mbili, na kuweka ukomo wa matumizi, tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa.

Ninasimamia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Wenzangu wanasema tubadilishe usimbaji wetu kwa sababu ya kompyuta za kwanta, lakini kompyuta ya kuvunja RSA haipo. Kwa nini tujisumbue leo?

Swali hili nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo kompyuta ya kwanta inapomfikia msanidi wa kawaida, hata yule ambaye hataandika saketi moja ya kwanta maishani mwake.

RSA ni njia ya usimbaji, yaani ya kuifumba data isisomwe na asiyehusika, na usalama wake unategemea ugumu wa kupata vigawo tasa vya namba kubwa, kazi ileile ambayo algoriti ya Shor inaiweza. Ni kweli kwamba mashine ya kuivunja haipo. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa ya kawaida, zikifanya kazi kwa saa 8. Kichakataji cha Condor cha IBM, kilichotangazwa Desemba 2023, kina kyubiti 1,121. Pengo ni kubwa mno. Hata hivyo, Mei 2025 Gidney alichapisha makadirio mapya yanayosema kwamba kyubiti pungufu ya milioni 1 zingetosha, kwa muda usiofika wiki moja. Hitaji limeshuka kiasi hicho kwa kuboreshwa kwa hesabu na mbinu za kurekebisha makosa peke yake, na hakuna ajuaye litashuka tena lini. Anayepanga usalama wa mfumo kwa kuhesabu kyubiti za leo anaangalia upande mmoja tu wa pengo.

Hatari yako, ndugu msomaji, imeshaanza. Mtu mwenye uwezo wa kunasa mawasiliano ya mfumo wako leo anaweza kuyahifadhi yakiwa bado yamefumbwa, akasubiri hadi mashine ipatikane, kisha akayafumbua. Kwa ujumbe ambao baada ya wiki hauna thamani, hilo si tatizo. Kumbukumbu za mgonjwa zinapaswa kubaki siri maisha yake yote, na mtoto anayezaliwa leo anaweza kuishi miaka 80. Piga hesabu mwenyewe: jumlisha miaka ambayo data inapaswa kuwa siri na miaka ambayo mtaitumia kubadilisha mfumo, kisha jiulize kama una uhakika kwamba mashine haitakuwa imepatikana kabla ya jumla hiyo kutimia. Mimi sina uhakika huo, na sidhani kama mtu makini anao.

Habari njema ni kwamba mbadala upo. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, iliomba mapendekezo ya algoriti mpya mwaka 2016, wataalamu wa nchi nyingi wakashindana na kukosoana kwa miaka kadhaa, na tarehe 13 Agosti 2024 vikatolewa viwango vitatu: ML-KEM kwa ajili ya kukubaliana ufunguo wa siri, na ML-DSA pamoja na SLH-DSA kwa ajili ya saini za kidijitali. Zote hutumika kwenye kompyuta za kawaida. Rasimu ya mpango wa NIST ya Novemba 2024 inapendekeza kwamba RSA ya biti 2,048 ianze kuachwa baada ya 2030, na kwamba RSA yote pamoja na mikunjo ya duaradufu, njia nyingine ya zamani inayotumika sana, zipigwe marufuku kabisa baada ya 2035.

Kazi ya kwanza ni kutafuta, nayo inachosha. Usimbaji umejificha mahali pengi: katika miunganisho kati ya huduma na huduma, katika funguo za SSH za kuingilia seva kwa mbali, vyeti, tokeni zinazotiwa saini kila mtumiaji anapoingia, nakala rudufu, masasisho ya programu za simu, na katika maktaba zilizoandikwa na watu wengine ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziingiza kwenye mradi. Andika orodha. Penye kila kipengele andika algoriti inayotumika, data inayolindwa, miaka ambayo data hiyo inapaswa kubaki siri, na jina la mwenye dhamana. Bila orodha hiyo, mazungumzo yote ya kwanta katika ofisi yenu yatabaki maneno matupu.

Kazi ya pili ni ukubwa. Tazama jedwali la hifadhidata lenye safu ya saini. Saini ya Ed25519, mojawapo ya njia za zamani, ina baiti 64, na aliyeliunda jedwali hilo aliweka nafasi ya baiti 64 kamili, kwa kuwa hakuona sababu ya kuweka zaidi. Saini ya ML-DSA-65 ina baiti 3,309, kwa hiyo haiingii. Ukiiweka saini hiyohiyo kwenye tokeni inayosafiri katika kichwa cha ombi la wavuti, ikiandikwa kwa herufi za Base64 inachukua nafasi ya herufi 4,412, ilhali seva kama nginx na Apache, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukataa kichwa kinachozidi takriban kilobaiti 8. Ongeza humo taarifa za mtumiaji na ruhusa zake, na watumiaji wenye ruhusa nyingi ndio watakaoanza kukwama huku wengine wakiingia bila shida, jambo ambalo linaweza kuwachanganya wasanidi kwa siku nyingi. Kwenye kukubaliana ufunguo hali ni hiyohiyo: ufunguo wa hadhara wa X25519, njia ya zamani, ni baiti 32, wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184, kiasi kwamba ujumbe wa kwanza wa muunganisho unaweza usitoshe tena katika pakiti moja ya mtandao, na vipo vifaa vya zamani vya mtandao ambavyo vilikata muunganisho kwa sababu hiyo tu.

Kazi ya tatu ni kuandika msimbo unaokubali kubadilishwa. Mwaka 2022 algoriti ya SIKE, iliyokuwa imefika raundi ya nne ya mchakato wa NIST, ilivunjwa na watafiti Wouter Castryck na Thomas Decru kwa kutumia kiini kimoja cha kichakataji cha kawaida, kwa muda wa kama saa moja. Hakukuwa na kompyuta yoyote ya kwanta katika shambulio hilo. Fundisho lake kwa msanidi ni kwamba jina la algoriti lisiandikwe moja kwa moja ndani ya msimbo katika faili hamsini. Liwe katika mpangilio mmoja unaoweza kubadilishwa, na kila data iliyosimbwa ibebe alama inayoonyesha imesimbwa kwa njia gani. Kwa sababu hiyohiyo wengi huanza na mseto, yaani X25519 na ML-KEM kwa pamoja, ili mmoja ukianguka mwingine ubaki umesimama. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, imekuwa ikitumia mseto wa njia ya zamani na mpya kama chaguo-msingi tangu toleo la 9.0 la Aprili 2022. OpenSSL 3.5, Java 24 na Go 1.24, zote za mwaka 2025, zina ML-KEM ndani yake. Kwa hiyo kwa mifumo mingi hatua ya mwanzo ni kusasisha maktaba zilizopo, na ninamsihi kila msanidi asijaribu kuziandika algoriti hizi kwa mkono wake.

Mfumo wetu wote uko kwenye wingu. Je, kampuni inayotukodisha seva haitashughulikia hayo yote?

Itashughulikia sehemu yake. Italinda mlango wa huduma zake, mawasiliano kati ya vituo vyake vya data na mfumo wake wa kutunza funguo, na huenda ikafanya hivyo kabla hujaomba. Inabaki sehemu yako: tokeni unazotia saini mwenyewe, mafaili uliyoyasimba kabla ya kuyapakia, miunganisho na washirika walio nje ya wingu hilo, na programu za simu za wateja ambazo hazijasasishwa kwa miaka. Seva ikiwa tayari kuzungumza ML-KEM na programu ya mteja ikawa haiijui, pande mbili zitarudi kwenye njia ya zamani kimyakimya, na hakuna onyo litakaloonekana. Mwombe mtoa huduma akueleze kwa maandishi ni huduma zipi zinakubali algoriti mpya, kuanzia toleo gani la zana zake, na unawezaje kuona katika kumbukumbu za mfumo ni algoriti ipi iliyotumika kwa kila muunganisho. Hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha ukweli.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta. Nijifunze nini ili nipate nafasi katika uwanja huu?

Aljebra ya mstari, namba changamano na uwezekano, kwa kina na kwa kalamu mkononi. Fizikia inahitajika zaidi kwa wanaotaka kujenga mashine zenyewe. Wanaotafsiri programu kuwa amri za mashine, wanaopanga foleni na wanaofuatilia makosa hufanya uhandisi wa programu kama ulivyo, kwa hiyo usiache masomo ya mitandao, hifadhidata na usalama. Msimbo wa Qiskit uko wazi kwa kila mtu. Usome, uufuatilie jinsi saketi inavyobadilishwa ili iendane na kichakataji ambacho si kila kyubiti imeunganishwa na mwenzake, na utajua mapema kama kazi hii inakuvutia.

Tumesimba hifadhidata yetu kwa AES, na nywila tumezihifadhi kwa bcrypt. Je, navyo vibadilishwe?

AES, inayofumba na kufumbua data kwa ufunguo mmoja wa siri, haina muundo ambao algoriti ya Shor inauvunja. Inayoigusa ni ya Grover, ambayo kinadharia inapunguza nguvu ya ufunguo wa biti 256 hadi kulingana na biti 128, na hizo zinatosha. Hata AES ya biti 128 NIST imeitumia kama kipimo cha ngazi ya chini ya usalama katika mchakato wake wa algoriti mpya, kwa kuwa hatua za Grover hazigawanyiki vizuri kati ya mashine nyingi. Ukiwa unaanza mfumo mpya, chagua biti 256. Kwa nywila, bcrypt iachwe ilivyo. Angalia badala yake jinsi ufunguo wa AES unavyofika kwenye seva yako: kama umefungwa kwa RSA, basi jina la RSA ndilo liingie kwenye orodha ya vitu vya kubadilishwa.